Draiva Isiyo na Jina

"Hakuna diski iliyopatikana." Fundi, aliyekuwa dukani kwake akiiwekea mfumo mashine nyingine yenye diski mpya, aliisoma sentensi hiyo kwenye skrini mara tatu, akasonya.

"Ndiyo picha zake zimepotea?" aliuliza dada yake, aliyekaa kwenye stuli nyuma yake. Mumewe alizikwa miezi saba iliyopita, na kila picha yake, kila sauti aliyowahi kujirekodi, ilikuwa kwenye kompyuta ile iliyoungua juzi umeme uliporudi kwa kishindo.

"Nakala si ninayo hapa, dada? Tulia. Ni draiva tu, kile kiprogramu cha kuitambulisha diski mpya kwa mashine."

Akachomeka flashi. Orodha ya draiva ikaja tupu. Chini yake palikuwa na kijisanduku chenye alama ya vema: *Ficha draiva zisizoifaa mashine hii.* Fundi mwenye adabu hakigusi. Huyu wetu, mwenye njaa ya mchana na kiburi cha miaka kumi na mitano ya kazi, aliiondoa ile alama. Ikajitokeza draiva moja isiyo na jina. Akaibonyeza.

Diski ikaonekana. Mashine ikaonya kwamba kila kilichomo ndani yake kitafutwa.

"Diski mpya ina nini cha kufutwa?" alicheka, akakubali.

Kwenye asilimia kumi ikaja harufu ya udongo mbichi, uliofukuliwa sasa hivi. Kwenye ishirini dada alikohoa kikohozi kizito cha kiume. Fundi alikijua kikohozi kile.

"Dada, unaumwa?"

"Mdogo wangu," alinong'ona, "mwanangu anaitwa nani? Jina lake limenitoka."

Fundi akanyoosha mkono achomoe kebo ya diski, na hapo ndipo alipoliona boksi pembeni ya kikombe chake, utepe wake mzima, diski mpya imo ndani haijaguswa, na kebo ndani ya mashine inaning'inia haijashika kitu, huku namba zikipanda, arobaini, hamsini, sitini, akang'oa waya wa umeme ukutani na skrini isizime, akajaribu kuomba na ulimi ukawa mzito, akamkumbatia dada yake na kumwita kwa jina la utotoni, akilia kama mtoto kwa kuwa hakuwa na la kufanya tena, naye dada akamshika shati kwa mikono miwili akisema, "Usiniache, mdogo wangu, nazama, usini..." mpaka sauti ikakatika katikati ya neno.

Mia.

Feni ya mashine ikanyamaza. Nje watu walikuwa wakipita na shughuli zao. Dada akaliachia shati, akakaa wima, akapitisha kiganja kidevuni kama anayetafuta ndevu zake. Akamtazama fundi, akamtambua, akatabasamu.

"Shemeji," alisema kwa sauti nzito, akiangaza huku na huku dukani. "Mke wangu yuko wapi?"