Haya Ni Maneno ya Nani?

Chumba cha mbele kina cherehani mbili. Ya Mama iko kando ya ukuta wa ndani, ya Shangazi iko karibu na mlango. Katikati kuna meza ya kukatia. Kila kitambaa kilicho mezani kina kikaratasi kilichobanwa kwa pini. Juu yake pameandikwa jina la mwenye kitambaa, vipimo vyake na siku ya kuchukua nguo. Mama hakubali kitambaa kilale mezani bila kikaratasi, hata kwa dakika tano.

Binti wa nyumba hii ana miaka ishirini. Wanamwita Kimya, kwa sababu hasemi sana. Yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu, anasomea afya ya jamii. Kila asubuhi hushona pindo za magauni mawili matatu, kisha huchukua mkoba wake na kwenda darasani.

Kushona alifundishwa na Mama tangu mdogo. Mama alikuwa akimpa nguo ya mfano na kumwambia, "Shona kama hii. Nikiziweka pamoja, nisijue ipi ni ipi." Kimya alikuwa hodari wa kufuata mfano.

Insha yake ya kwanza chuoni ilihusu kazi na afya. Alichagua kuandika habari za mafundi cherehani. Aliazima vitabu vitatu maktaba. Alichukua aya nzuri kutoka kila kitabu, akaziunganisha, akaandika kwa mwandiko safi. Hakusema aya zilitoka wapi. Hakujua kwamba anatakiwa kusema.

Insha ilirudi bila alama. Mhadhiri alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, "Haya ni maneno ya nani?" Chini yake aliongeza, "Andika upya kwa wiki mbili, kisha uielezee mbele ya darasa. Ukinakili tena, umeanguka somo."

Somo hilo lilikuwa la lazima. Asipolipita, angerudia mwaka mzima.

Alipofika nyumbani aliiweka insha juu ya meza ya kukatia. Shangazi akaiona.

"Mwalimu wako amechinja kuku hapa?" aliuliza. "Mbona wekundu mtupu?"

"Anasema nimenakili."

"Kwani ulinakili?"

"Ndiyo, Shangazi. Lakini sikukosea hata neno moja."

Shangazi alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Mama hakucheka.

"Wifi, acha," alisema Mama. "Mtoto atarudia mwaka." Akamgeukia Kimya. "Katafute mtu anayejua, umuulize. Usikae nalo moyoni kama ulivyozoea."

Kimya alimwogopa mhadhiri. Kwa hiyo kesho yake alikwenda kwa mkutubi, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba. Alisimama wima mbele ya meza yake.

"Binti, umeletwa kunilinda?" mkutubi aliuliza.

"Shikamoo. Hapana. Nina insha."

"Marahaba. Ilete."

Mkutubi alivaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza. Akaweka kidole kwenye aya moja.

"Hii ni ya kile kitabu cha jalada la kijani. Na hii ya chini yake ni ya kitabu kingine. Wewe uko wapi humu?"

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Unasema nini?"

"Mimi sijui kitu. Wao ndio wataalamu."

"Nyumbani kwenu hakuna fundi cherehani?"

"Mama ni fundi. Na shangazi yangu pia."

"Hukuwauliza?"

"Mama hakumaliza shule."

"Na mgongo wake je? Nao unasubiri cheti ndipo uume?"

Kimya aliinamisha kichwa, lakini alitabasamu. Mkutubi akavuta kiti, akamwambia akae.

"Sikiliza. Kutumia vitabu si kosa. Kosa ni kuficha. Ukichukua wazo la mtu, lieleze kwa maneno yako, kisha taja jina lake na mwaka aliochapisha. Ukichukua maneno yake kama yalivyo, yafungie ndani ya alama za kunukuu, na utaje ukurasa pia. Mwishoni weka orodha ya vitabu vyote ulivyotumia. Hata mtu aliyekueleza jambo kwa mdomo, mtaje, ila umwombe ruhusa kwanza."

"Kama vikaratasi vyetu," alisema Kimya.

"Vikaratasi gani?"

Kimya akaeleza. Alieleza habari za pini, vipimo na wateja waliowahi kugombania kitambaa cha rangi moja. Tangu aanze chuo hakuwa amesema maneno mengi kiasi kile.

"Umenifundisha," mkutubi alisema. "Sasa niambie. Mteja ameleta kitambaa. Gauni linashonwa na nani?"

"Na fundi."

"Basi vitabu ni kitambaa. Gauni ni hoja yako. Mwanzoni mwambie msomaji unataka kumwonyesha nini. Kila aya ibebe jambo moja, na jambo hilo lisaidie hoja."

Kimya alirudi na vitabu vilevile vitatu. Safari hii alisoma ukurasa, akafunga kitabu, akaandika alichoelewa kwenye kikaratasi. Juu yake aliandika jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Kisha alizunguka mtaani, akawauliza mafundi saba maswali yaleyale: Unaumwa wapi? Maumivu huanza saa ngapi? Unakalia nini? Mama na Shangazi walikuwa miongoni mwao.

Alianza kuona jambo ambalo hakuliona miaka yote. Cherehani ya Mama ilikuwa gizani. Stuli yake ilikuwa fupi, kwa hiyo alishona mabega yakiwa juu na shingo mbele. Hapo Kimya akapata hoja. Mafundi hawaumii kwa wingi wa kazi tu. Huumia pia kwa namna kiti na mwanga vilivyopangwa.

Insha ilipokamilika, alisimama kando ya meza ya kukatia na kuanza kuielezea.

"Unamwambia nani, sakafu?" Shangazi alimkatiza.

Kimya akainua macho. "Mkao usio rafiki kwa viungo vya mwili..."

"Hilo nalo ndiyo nini?" Mama aliuliza.

"Kukaa vibaya."

"Basi si useme kukaa vibaya?"

Kimya akafuta maneno hayo. Akaendelea. Kila alipotaja jambo, Shangazi aliuliza, "Nani kasema?" Kila mara Kimya alitafuta kikaratasi na kujibu. Mahali pawili hakuwa na kikaratasi. Aliyaondoa mambo hayo mawili.

Siku ya darasa alisimama na insha yake mkononi. Alimtazama mwenzake wa mstari wa mbele, akasema sentensi ya kwanza, halafu ya pili. Alipomaliza, kijana mmoja aliinua mkono.

"Nani kasema kwamba mgongo huanza kuuma mchana?"

Kimya nusura acheke.

"Mafundi sita kati ya saba niliowauliza," alijibu. "Na kitabu cha pili kwenye orodha yangu, ukurasa wa arobaini."

Kijana akaandika. Mhadhiri akampa Kimya alama za kupita, na za ziada juu yake. "Leo nimekusikia," alisema.

Jumamosi walihamisha cherehani ya Mama wakaiweka dirishani. Seremala aliongeza urefu wa miguu ya stuli. Baada ya wiki chache Mama aliacha kujishika kiuno kila akisimama. Shangazi naye akadai dirisha lake.

Mama aliomba asomewe orodha ya mwisho wa insha. Kimya alisoma majina ya waandishi watatu. Kisha akasoma, "Mazungumzo na fundi cherehani, mama wa mwandishi, mwenye miaka ishirini na miwili kazini."

Mama alisimamisha cherehani.

"Ishirini na mitatu," alisema. "Nani kasema ishirini na miwili?"

Kimya akachukua kalamu, akasahihisha.