Verossa Mbili za Buhongwa

Gari lilivutwa kutoka ziwani, Luchelele, saa nne asubuhi. Lilitoka kinyumenyume, maji yakimwagika kila upenyo. Obedi alikuwa bado amefungwa mkanda kwenye kiti cha dereva, macho wazi, kama mtu anayesubiri kuulizwa jambo.

Inspekta Sabina alilizunguka gari polepole. Toyota Verossa nyeupe, namba za Obedi. Taa ya mbele kushoto haikuwapo na boneti ilikuwa imekunjamana.

"Kesi imejifunga yenyewe, afande," alisema Sajenti Revocatus. "Alhamisi Verossa nyeupe ilimgonga binti wa watu pale Buhongwa, ikakimbia. Binti akafa. Huyu naye roho ikamsuta, akajitosa."

"Verossa nyeupe ziko ngapi hapa mjini?"

"Mbili tu. Aina hii waliitengeneza miaka mitatu, wakaiacha. Ya pili ni ya fundi Ngosha, rafiki yake. Jana nimeikagua. Haina hata mkwaruzo."

"Uliangalia nini?"

"Namba, afande. Na bodi."

Mchana daktari alileta majibu. Mapafu hayakuwa na maji. Fuvu lilikuwa limepasuka kisogoni.

"Aligonga kichwa gari lilipotumbukia," alisema Revocatus.

"Kwa nyuma, na mkanda amefunga?"

Revocatus alikuna shingo.

Nje ya chumba cha maiti alikuwa amekaa Getruda, mke wa marehemu, kanga imemteleza begani na hana habari.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa, afande. Nyumbani majirani wamekuja kuchukua viti vyao. Wanasema hawakai msiba wa muuaji wa mtoto. Kesho ndiyo mazishi. Jeneza nitalibeba mimi na wanangu wawili?"

"Alhamisi jioni Obedi alikuwa wapi?"

"Kwangu, anamenya viazi. Lakini mke ataaminiwa na nani?"

Sabina aliingia ndani. Mhudumu alikuwa anaosha mwili. Mguu wa kushoto ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Alitoka taratibu.

"Mama, ule mguu?"

"Polio, tangu ana miaka minne. Ndiyo maana alinunua V25, ya otomatiki. Mguu mmoja unamtosha."

Sabina alirudi kituoni bila kula. Alifungua mlango wa gari lile lililotoka majini, akainama. Chini palikuwa na pedeli tatu, ya klachi ikiwamo.

Nyuma ya gari paliandikwa V25. Alikwaruza kwa ukucha. Gundi ilikuwa mpya, bado inavutika.

Gereji ya Ngosha ilikuwa kimya. Mafundi wenzake walikuwa wameenda kula. Yeye alikuwa anafuta Verossa yake, polepole, mahali palepale.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Gari zuri. La daraja gani?"

"VR25. Ile kubwa, ya turbo."

"Nipeleke mpaka barabarani, niisikie."

Ngosha alimtazama, akamtazama na Revocatus aliyesimama getini. Akaingia. Sabina alikaa pembeni yake, mikono mapajani, macho chini miguuni mwa dereva.

Waliondoka. Mwendo ulipoongezeka kidogo, mguu wa kushoto wa Ngosha ulinyanyuka, ukakanyaga kwa nguvu. Gari likasita ghafla, vichwa vyao vikasukumwa mbele. Alikuwa amekanyaga breki.

"Mguu wako unatafuta klachi, Ngosha."

Ngosha aliondoa mguu kwenye breki.

"VR25 yako ina klachi. Iko kituoni, imevaa namba za marehemu. Hii uliyokalia ni yake. Sitaki hata kufungua boneti kutafuta turbo. Nikasome namba za chasisi, au utasema?"

Ngosha alizima injini. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola.

"Nilidhani mtaangalia namba tu. Askari siku zote wanaangalia namba."

"Mguu wake uliusahau?"

"Nimeujua miaka kumi, afande. Ningebadilisha gia boksi kwa siku mbili. Sikuwa nazo."

"Binti wa Buhongwa ulimgonga wewe."

"Aliingia barabarani na ndoo. Nilikimbia."

"Na Obedi alikukosea nini?"

Ngosha alicheka kidogo, kicheko kikavu.

"Taa. Taa yangu ilivunjika na Verossa haina spea mji mzima. Tulizoea kuazimana: leo mimi pampu, kesho yeye kioo. Jumamosi nikamwendea, nikamwambia nipe taa yako ya kushoto. Akaja gereji aone kilichovunjika. Akainama, akakuta nywele kwenye mbavu za grili ya mbele. Zimesukwa, afande. Akaniambia, twende polisi, nitakusindikiza, sitakuacha peke yako. Akageuka kuchukua fimbo yake ya kutembelea. Spana ilikuwa mkononi."

Alifuta uso kwa kitambaa cha grisi.

"Ingekuwa Mark II, zilivyojaa mjini, ningenunua taa Nyamagana, nisimwone mtu."

Sabina alichomoa ufunguo wa gari, akamwita Revocatus.

"Mfunge pingu. Halafu nenda nyumbani kwa Getruda na sare yako hiyohiyo. Pita nyumba moja moja, uwaambie nani alimuua binti. Usiondoke mpaka viti virudi."