Vitambaa Vitatu kwa Wiki Tatu

Kila alasiri Wening alipotoka shule, alivua viatu mlangoni, akanawa mikono na kwenda moja kwa moja kwenye baraza ya nyuma alikokaa bibi yake. Hakuna mtu mjini Lasem ambaye hakumjua Bibi Sumirah. Kwa miaka arobaini alikuwa akichora batiki kwa mkono, ameketi kwenye kigoda kando ya jiko dogo lenye kikaango cha nta ya moto. Alichovya kalamu yake ya shaba ndani ya nta, akaupuliza mdomo mwembamba wa kalamu usizibe, kisha akachora kitambaani mabawa ya ndege na majani yaliyojipinda. Palipopita nta, rangi haikuingia. Kitambaa kimoja kilimchukua miezi miwili, na wakati mwingine mitatu.

"Umekula?" aliuliza siku hiyo bila kuinua macho.

"Bado, Bibi."

"Nenda kale kwanza. Kuna wali na tempe ya soya ya kukaanga. Mwenye njaa mkono hutetemeka."

Wening alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa ya simu. Ni yeye aliyemfungulia bibi ukurasa wa kuuzia batiki mtandaoni, akapiga picha na kuwajibu wateja. Kwa kuwa Bibi Sumirah hakujua kuandika, Wening ndiye pia aliyeandika kadi iliyotiwa ndani ya kila kifurushi: "Kitambaa hiki kimechorwa kwa mkono, pande zote mbili, na Sumirah wa Lasem."

Alipokuwa akila, simu ililia. Mama mmoja wa mji wa Semarang aitwaye Bi Retnowati alikuwa ameandika ujumbe. Binti yake angeolewa baada ya wiki tatu, naye alitaka vitambaa vitatu vyekundu: kimoja cha bibi arusi, viwili vya mama wa pande zote mbili. Je, vingewahi?

Moyo wa Wening uliruka. Hawakuwa wamewahi kupata mteja wa vitatu kwa mpigo! Aliogopa kwamba akichelewa kujibu, mama yule angekwenda kwa mwingine. Bila kumuuliza bibi, aliandika: "Ndiyo, mama. Vitawahi."

Usiku ule alijifariji kwamba mambo yangejipanga. Asubuhi alipotazama kitambaa kilichotandazwa kwenye kiunzi, aliona hakijafika hata nusu. Akaenda kumweleza binamu yake Tegar, aliyekuwa na miaka kumi na minne na majibu ya kila kitu.

"Hilo tu ndilo linalokunyima raha?" Tegar alicheka. "Twende sokoni. Kuna vitambaa vya kiwandani vyenye michoro ileile. Mashine inapiga chapa mia moja kwa siku moja. Nunua vitatu, funga, tuma."

"Lakini si vya mkono."

"Watu wa harusi wanatazama pilau, hawatazami nta! Nani atajua?"

Wakachanga pesa walizopewa sikukuu ya Idi, wakanunua. Vitambaa vilikuwa vizuri, vyekundu vya kung'aa. Jumamosi, bibi alipokwenda msibani mtaa wa pili, wakavikunja chumbani na kuvitia kwenye karatasi. Ikabaki kadi.

Wening alishika kalamu. "Kitambaa hiki kimechorwa kwa mkono," aliandika, kisha akakigeuza kile cha juu. Upande wa nyuma ulikuwa umefifia, michoro haionekani vizuri, kama uso wa mtu aliyeumwa. Mkono wake ukasita.

"Malizia basi," Tegar alihimiza. "Posta wanafunga saa sita."

"Siwezi kuliandika jina la Bibi hapa."

"Ni jina tu, Wening."

"Ni lake, si langu," alisema, na machozi yakamtoka.

Bibi Sumirah aliporudi alimkuta mjukuu wake ameketi kando ya kigoda, vitambaa vitatu vikiwa mapajani. Tegar alikuwa amesimama nyuma ya mlango, nusu ndani, nusu nje. Wening alieleza yote, kuanzia ule ujumbe hadi kadi isiyokwisha. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Wening kuliko kofi.

"Wewe ndiye uliyetoa ahadi," bibi alisema hatimaye. "Mpigie. Nitakaa hapa karibu nawe."

Wening akabonyeza namba.

"Mama, samahani," alianza. "Mimi ni mjukuu wa Bibi Sumirah. Nilikuahidi vitambaa vitatu bila kumuuliza. Haviwezi kuwahi. Nilitaka kukutumia vya kiwandani nikuambie ni vya mkono."

Bi Retnowati akawaka. "Mtoto, unajua harusi ni nini? Nimeshautangazia ukoo mzima! Sasa niseme nini kwa wakwe?"

"Najua nimekosa, mama."

Bibi akaichukua simu. "Mwanangu, mtoto amekosa, na kosa lake ni langu. Ninacho kimoja tu kiunzini, kitakachotiwa nyekundu, cha ndege na maua. Hicho naweza kukimaliza nikisaidiwa. Viwili vingine siwezi, sitakudanganya."

Mama wa Semarang alivuta pumzi. "Mwaka jana niliuziwa kimoja nikaambiwa ni cha mkono," alisema, sauti imepoa. "Nilipokifua, rangi yote ikabaki kwenye beseni. Haya, kimalizeni cha bibi arusi. Sisi akina mama tutavaa vya kale, vimo sandukuni."

Jioni hiyohiyo Bibi Sumirah alimtuma Wening kubisha hodi kwa majirani wawili. Bi Kasminah alikuja na kalamu yake ya shaba na porojo zake. Bi Lien, ambaye marehemu mama yake alikuwa fundi wa rangi nyekundu, alikuja na keki za mchele.

"Kwa hiyo siku hizi mnauza vitambaa ambavyo havijazaliwa?" Bi Kasminah alitania. Wening akainamisha kichwa, lakini wote wakacheka, naye mwishowe akacheka pia.

Wakakizunguka kitambaa, kila mmoja na upande wake. Wening alipewa pindo, ajaze nukta. Nta ilimchoma kidole mara mbili, na siku ya kwanza nukta zake zilionekana kama nzi waliolewa.

"Polepole," bibi alimwambia. "Puliza kwanza."

Rangi ilipotiwa, mvua ikaanza, ikanyesha siku nne. Kitambaa hakikukauka, na siku ya harusi ilikaribia. Tegar, aliyekuwa akipita mbali na baraza kwa aibu, akaja mwenyewe na pepeo kubwa la jikoni.

"Niwapepee?" aliuliza.

"Pepea," bibi alisema. "Leo hiyo midomo yako imepumzika."

Kitambaa kilichemshwa kutoa nta siku tano kabla ya harusi. Ndege wakatokea, wekundu na weupe, pande zote mbili sawasawa. Wening aliandika kadi, safari hii ikiwa na majina manne ya waliochora, lake likiwamo, na jina la mtoto aliyepepea. Kifurushi kikaondoka asubuhi iliyofuata.

Jumapili jioni Bi Retnowati alituma video. Bibi arusi alikuwa akitembea taratibu, na pindo la kitambaa likicheza miguuni pake. "Wakwe wameuliza fundi ni nani," mama yule aliandika. "Vile viwili nitavisubiri, hata mwaka mzima."

Wote walikuwa barazani, wanakula. Wening aliuliza, "Bibi, na vile vya sokoni tuvichome moto?"

"Kwa nini tuvichome? Vina kosa gani?" bibi alishangaa. "Kitambaa cha mashine kinamvisha mtu asiye na uwezo wa kununua changu. Vitandaze kitandani kwako. Kosa halikuwa la mashine, mjukuu wangu, wala la simu. Bila hiyo simu, nani Semarang angenijua? Dunia ibadilike itakavyo, mimi siiogopi. Ninachoogopa ni mtu kukiita kitu jina lisilo lake. Neno lako likishakuwa na upande mmoja tu, likigeuzwa litaonekana limefifia. Ahidi kile ambacho mkono wako unaweza. Ukikosea, sema mapema, kabla rangi haijaingia."

Kisha akamsogezea Tegar sahani ya tempe. "Na wewe kula. Kesho kuna kitambaa kipya, na nta haijiyeyushi yenyewe."