Yai Juu ya Mnara

Kila jioni masomo yalipokwisha, Nekoye na Bravin walibaki katika chumba cha klabu ya sayansi cha shule yao mtaani Bondeni, wakitikisa mnara. Waliujenga kwa vijiti vya mishikaki, ukamfika Nekoye begani. Ulisimama juu ya ubao, na ubao juu ya gololi. Ukisukuma ubao, mnara unayumba kama jengo kwenye tetemeko la ardhi.

Karibu na kilele, ndani, walining'iniza mkebe wa kokoto kwa uzi.

"Mnara ukienda kulia, mkebe unachelewa, unauvuta kushoto," mwalimu wao, Madam Celestine, aliwaeleza. "Lakini lazima mkebe ubembee kwa mwendo wa mnara wenyewe. Uzi mrefu, mwendo wa polepole. Uzi mfupi, mwendo wa haraka. Na mjaribu mkiwa na yai kileleni, maana siku ya mashindano litakuwa pale, bila kubandikwa, na halitakiwi kuanguka."

Hilo la yai hawakulifanya. Mamake Bravin aliuza mayai ya kuchemsha na kachumbari, na hakuwa na yai la kuchezea. Hata jiwe la ukubwa wa yai hawakuweka.

"Yai lina uzito gani?" Bravin alisema. "Tuko sawa, bwana."

Mwalimu mkuu, Bwana Gachanja, alikuwa ametoa onyo. Wasipokuwa kati ya timu tatu za kwanza, klabu ingevunjwa na chumba chake kuwa stoo ya mahindi.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Timu ya Kuresoi ilitangulia. Mwamuzi, Mhandisi Kosgei, alishika ubao wao akautikisa. Yai likaanguka, pwaa!

"Leteni chapati!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Nekoye hakucheka. Timu moja tu ilibaki kabla ya zamu yao. Aliliweka kileleni yai walilopewa na waandaaji, akasukuma ubao kidogo ili ajaribu. Mnara ukayumba polepole kuliko walivyouzoea. Mkebe ukabembea kwa haraka zake, hauna habari na mnara. Yai likachomoka. Bravin akalidaka karibu na sakafu.

"Ni uzito wa yai," Nekoye alisema. "Mnara umebadilisha mwendo."

Bravin alitazama huku na huku, kisha akatoa chingamu mdomoni. "Weka kidogo chini ya yai. Nani atajua?"

Nekoye aliitazama ile chingamu. Alifikiria magunia ya mahindi yakipangwa chumbani mwao. Mkono wake ulisogea, kisha ukarudi.

"Kama ni chingamu, mnara tuliujenga wa nini? Tungeleta yai na chingamu tu. Rudisha mdomoni, unishikie uzi."

"Wewe utatuua leo!"

"Shika uzi!"

Wakaurefusha. Mkebe bado ulikuwa na haraka. Wakaurefusha tena, sasa mkebe ukabembea kivivu kama ng'ombe aliyeshiba. Wakaufupisha kidogo. Vidole vya Nekoye vilikuwa na jasho, fundo likateleza.

"Bondeni!" jina la shule likaitwa.

Alikaza fundo kwa meno.

Mhandisi Kosgei aliinua yai, akapapasa chini yake kwa kidole. Bravin akaimeza chingamu yake nzima. Mhandisi akalirudisha yai, akashika ubao, akatikisa.

Mnara ukaenda kulia. Mkebe ukavuta kushoto. Yai likainama, likainama zaidi, hadi mtu mmoja akapiga ukemi. Mhandisi akaongeza nguvu. Mkebe ukavuta tena, na mnara ukapunguza kuyumba kidogo kidogo, mpaka ukatulia. Yai lilikuwa bado juu.

Bondeni ikawa ya tatu. Bwana Gachanja aliwapa mikono na kusema mahindi yatatafutiwa kwingine.

Mhandisi Kosgei hakuwasifu sana. "Niliwaona mkihangaika na uzi. Kwa nini hamkujaribu na yai shuleni?"

"Tuliona ni kitu kidogo," Nekoye akajibu.

"Niliiona pia ile chingamu."

Bravin aliinamisha kichwa. "Pole, mzee."

"Sikilizeni. Kuna majengo marefu duniani yenye uzito mkubwa umening'inizwa juu, kazi yake ni hii ya mkebe wenu. Aliyeuweka akidanganya kwenye majaribio, mimi mkaguzi wa majengo naweza kudanganyika. Upepo na tetemeko havidanganyiki. Na kwenye majengo hayo, yai ni watu."