Waliomzomea Sostenes

Kila Jumamosi Eunice alimsaidia mama yake kuchagua mawe kwenye mchele kabla haujapelekwa sokoni Kahama. Walikaa uani, kila mmoja na ungo wake, na mazungumzo yao hayakupita mbali na Sostenes. Sostenes, kaka yake Eunice, alianza kucheza mpira peku kwenye viwanja vya vumbi vya mji huohuo. Sasa alikuwa beki wa timu moja ya Ulaya, katika nchi ya baridi kali.

"Maliza ungo huo, ng'wanawane, mwanangu, ukamwone kaka yako," mama alisema.

Jioni Eunice alikwenda kwenye banda la kuonyeshea mpira la mzee Maduhu. Banda lilijaa. Sostenes alicheza vizuri, na kila alipomnyang'anya mtu mpira, watu walimgeukia Eunice na kumpongeza kana kwamba ameunyang'anya yeye.

Kipindi cha pili Sostenes alikwenda kurusha mpira karibu na jukwaa la wapinzani. Pale jukwaani watu wazima, wengine wamebeba watoto mabegani, walikuwa wakitoa mlio wa nyani. Ndizi ikarushwa, ikampiga mguuni. Sostenes aliweka mpira chini, akamwendea mwamuzi, akamwonyesha ile ndizi. Mwamuzi alimwashiria aendelee. Kapteni wa timu yake akamshika bega, akamnong'oneza kitu. Sostenes akautoa mkono ule begani mwake, akatoka uwanjani.

"Sasa anatoka kwa nini?" Maduhu alilalamika. "Kelele tu zile. Si angeendelea kucheza?"

Baadhi ya watu wakacheka. Eunice alisimama. "Mzee, ungetupiwa wewe ndizi, ungecheka?" Akatoka bandani.

Jumatatu asubuhi, kabla mwalimu hajaingia darasani, mwanafunzi mwenzake, Chacha, alipanda juu ya dawati, akajikuna kwapa na kulia kama nyani. Darasa likaangua kicheko. Eunice alimrukia, wakaanguka wote chini, na mpaka Mwalimu Dorah, mwalimu wa michezo, alipowaachanisha, shati la Chacha lilikuwa limechanika. Wote wawili walipewa adhabu ya kufyeka nyasi. Kila alipoinua fyekeo, Eunice aliziona nyuso za wale watu wa jukwaani. Aliwachukia wote.

Hasira hiyo alikwenda nayo mazoezini. Yeye ndiye aliyekuwa kapteni wa timu ya wasichana. Walipokuwa wakijigawa, Kudra alikuja tena kuomba kucheza. Kudra alikuwa mtoto mwenye ualbino. Alihamia kwa shangazi yake hapo Kahama kutoka kijiji cha karibu na machimbo ya Nyarugusu, baada ya watu wasiojulikana kuizunguka nyumba yao. Huko kwenye machimbo kulikuwa na watu waliodanganywa na waganga matapeli kwamba viungo vya mtu kama yeye huleta dhahabu. Shuleni wanafunzi walimwita Dili, kana kwamba ni mali ya kuuzwa.

"Hata dakika chache tu," Kudra alisema. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu na kofia pana ya kumkinga na jua.

"Toka hapa, Dili," Eunice alifoka. "Nani anacheza mpira amejifunika kama gunia?"

Wasichana wakacheka. Kudra hakuondoka. Uso ulimwiva. "Kaka yako wamemtupia ndizi, ukampiga mtu kwa ajili yake. Mimi je, unanitupia nini kila siku?"

Swali hilo lilimzidishia Eunice hasira. Aliipiga ile kofia ikaanguka kwenye tope la bombani, akaikanyaga. Kudra alijifunika kichwa kwa mikono na kukimbilia kivulini.

Jioni hiyo Sostenes alipiga simu ya video.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mama anasema umepigana."

"Chacha alilia kama nyani. Nitampiga tena."

Sostenes alitikisa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wale wa jukwaani siwajui, Eunice. Lakini kapteni wetu tunakula meza moja. Unajua aliniambia nini? Ni utani tu, cheza. Hilo ndilo lililonitoa uwanjani. Mpaka sasa hata kumsalimia siwezi kwa hasira."

Mama alitoka ndani, akaiweka kofia yenye tope mbele ya simu. "Shangazi yake Kudra ameniletea hii. Mwambie kaka yako imechafukaje."

Mama alisimama palepale. Eunice akasema yote, sauti ikizidi kupungua.

"Mnamwitaje huyo mtoto?" Sostenes aliuliza.

"Dili."

Sostenes aliitazama tena ile kofia. "Mimi walinifanya mnyama. Yeye mmemfanya bidhaa, na kapteni ni wewe." Akakata simu bila kuaga.

Mama naye hakumbembeleza. "Sabuni iko pale," alisema, akaingia ndani.

Kesho yake Eunice alimpelekea Kudra kofia ikiwa safi. "Nisamehe," alisema.

Kudra aliigeuza, akaitazama pande zote. "Kofia hata mimi ningeifua. Jina je?"

"Sitakuita hivyo tena."

"Kwani ni wewe peke yako unayeniita hivyo?"

Mazoezi yalipoanza, Eunice aliwasimamisha wenzake. "Huyu anaitwa Kudra. Atakayemwita jina jingine, sichezi naye."

"Basi usicheze," alijibu Juliana, mshambuliaji wao. "Si wewe uliyeanza kumwita hivyo?"

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. "Ndiyo, ni mimi," Eunice alisema. "Na nilifanya ubaya." Alivua kitambaa cha ukapteni, akaenda kukaa nje ya mstari. Kudra, aliyekuwa hapo kivulini, hakusogea karibu naye, wala hakuondoka.

Mwalimu Dorah aliuliza kulikoni, wakamweleza. Aliposikia lile jina, uso wake ulibadilika. "Mmelitumia katika shule yangu nami sina habari?" alisema kwa sauti ya chini iliyowatisha kuliko ukali. Aliwaambia wasichana wote wamwombe Kudra radhi, wakamwomba, na kuanzia siku hiyo mazoezi yakawa jioni, jua likishapoa. Kudra alipewa nafasi ya winga wa kushoto. Mpira wake wa kwanza aliupiga kwa nguvu hata kipa akaukwepa, na Juliana akawa wa kwanza kumpigia makofi.

Mazoezi yalipokwisha, Eunice alimwuliza mwalimu kama atarudishiwa kitambaa.

"Si leo," Mwalimu Dorah alijibu. "Nitakurudishia nikiona umekistahili. Kaka yako alionewa, na ulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini kukasirika kwa ajili ya ndugu yako anapoonewa ni rahisi, kila mtu anaweza. Uonevu ni uonevu hata anayeonewa asipokuwa wa kwenu, na hata anayeonea akiwa wewe mwenyewe. Ukiweza kuuchukia hapo, ndipo utakuwa kapteni."