Vidonge vya Pacha

Dukani kwa mafundi wawili pacha, kioo kilikuwa cha wateja tu. Wao hawakukihitaji. Mmoja akijishonea gauni, mwenzake alilivaa, naye akaona limekaaje.

Sasa mmoja alikuwa amefariki kwa kisukari. Cherehani yake ilifunikwa kitambaa. Aliyebaki alishona kutwa bila wa kumtania. Kila asubuhi alimeza kidonge cha kisukari kutoka kwenye chupa ya marehemu. Hakuwahi kupimwa. Kwake sura ilikuwa moja, damu moja, basi na ugonjwa mmoja. Alikuwa akingoja zamu yake tu.

Siku moja jasho lilimtoka, mikono ikatetemeka, akaangukia nguo aliyokuwa akishona. Mwenye nguo, jirani ambaye hakosi la kusema, siku hiyo alilikosa. Alimshika mkono, akampeleka zahanati.

Muuguzi alimchoma kidole akampima. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Akampa maji ya sukari, akangoja atulie, ndipo akamuuliza anatumia dawa gani. Fundi akamweleza yote.

"Nani alikuambia una kisukari?"

"Si tulikuwa pacha, daktari? Tulifanana kila kitu."

Muuguzi hakumcheka. Alimuuliza kama ana zile karatasi za kukatia nguo. Fundi akasema zimejaa ukutani.

"Na zote unazitumia leo?"

"Hapana. Natumia ile iliyoagizwa."

"Basi na mwili ndivyo. Ndani yake mna maagizo ya urithi, tunayaita jeni. Nyinyi mlizaliwa na jeni zilezile. Lakini jeni huwashwa na kuzimwa. Nyingine hufanya kazi sana, nyingine kidogo. Chakula, mazoezi, sigara, maradhi na umri huchangia, na mengine hutokea tu. Ndiyo maana pacha mmoja huweza kuugua, mwenzake asiugue."

Fundi alikumbuka sigara za marehemu nyuma ya duka. Muuguzi akamwambia asimlaumu mtu. Fundi mwenyewe yuko hatarini kuliko wengine, kwa hiyo apimwe kila mwaka, ale vizuri, atembee. Ila dawa ya mwingine, inayoshusha sukari, ingemuua.

Aliacha vidonge. Alipopimwa tena, hakuwa na kisukari. Hapo akaangua kilio.

"Nilikuwa navimeza ili tuwe pamoja," alisema.

"Pole sana," muuguzi akajibu, akakaa naye mpaka akanyamaza.

Chupa aliiacha palepale zahanati. Siku hizi asubuhi hutembea na yule jirani, ambaye maneno yamemrudia yote.

Juzi alichukua karatasi yao ya zamani, akajikatia gauni. Hapakuwa na wa kumvalia. Akasimama mbele ya kioo cha wateja, akalivaa mwenyewe. Lilimzidi kidogo kiunoni. Alilia kidogo, kisha akachukua pini, akalipunguza mpaka likamkaa.