Uzito wa Upande wa Kulia

Mpaka leo Verlon Stamper hajapata jibu la swali moja: ilikuwaje gari tupu, lisilo na mtu wala mzigo, lizidi upande wa kulia kwa ratili mia moja na themanini. Dorsey, binamu yake, ndiye aliyeazima mizani ya magari ya mashindano ili kumaliza ubishi. Naye hana jibu, na Dorsey ni mtu mwenye jibu la kila kitu.

Mambo yalianza na mlango wa abiria. Gari lilikuwa la mwaka 1969, jeusi, lenye injini kubwa kuliko bodi inavyoweza kuhimili. Magari ya aina hiyo hayana chesi nzima, ile fremu ya chuma ya chini. Kuna kipande mbele na kipande nyuma, katikati ni bati la sakafu tu, kwa hiyo ukikanyaga mafuta bodi inajipinda kama nguo inayokamuliwa. Dawa yake ni kuchomelea reli mbili za chuma chini ya sakafu, ziunganishe mbele na nyuma. Ni kazi ya siku moja. Verlon alikuwa ameshaifanya mara mbili, na mara zote mbili mlango ule uligoma kufunga.

Mara ya kwanza kosa lilikuwa lake. Alichomelea gari likiwa limeinuliwa juu ya stendi za chuma, magurudumu yananing'inia.

"Umelichomelea likiwa limelegea," Dorsey alimwambia, huku akimumunya njugu zake. "Reli hainyooshi kitu, binamu. Inashika umbo inalolikuta. Uzito kwanza ukae juu ya magurudumu, kama gari litakavyotembea. Hata bibi yangu anajua."

"Bibi yako alishakufa."

"Na bado anajua kuliko wewe."

Verlon akakata reli, akasaga makovu ya chuma siku mbili nzima, akaliweka gari juu ya mbao nene likiwa limekalia magurudumu yake, akachomelea upya. Mlango ukafunga vizuri. Akaingia ndani kula maharage na mkate wa mahindi. Aliporudi, mlango ulikuwa wazi kiasi cha kidole, na upenyo wa juu umepanuka robo inchi. Akausukuma kwa bega. Akautukana. Akakaa juu ya ndoo akiutazama, mikono imejaa masizi.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kufikia Jumapili ya kupamba makaburi, siku ambayo watu wote wa bonde la Pigeon Roost hupanda kilimani na majembe na maua. Mama yake, Oleta, alikuwa na miaka themanini na minne, na macho yake yalikuwa yanazimika. Alikuwa ameomba jambo moja tu: apelekwe kwenye kaburi la Garland kwa gari la Garland, wakati bado anaweza kuuona wekundu wa waridi. Mwakani macho yake yasingeuona.

Garland alikuwa kaka yake Verlon. Aligongwa na lori la makaa ya mawe akitembea kando ya barabara, mvua inanyesha, miaka thelathini na sita iliyopita. Tangu hapo gari lilikaa chini ya turubai.

Dorsey alipoleta mizani akaweka moja chini ya kila gurudumu, alisoma namba, akapangusa vioo, akasoma tena. Hakutania.

"Huo ni uzito wa mtu mzima," alisema polepole.

Verlon alijua ni wa mtu gani.

Akazikata reli tena, na mara ya tatu alichomelea mchana, mvua ikipiga bati la karakana. Alikuwa amelala chali chini ya sakafu ya gari, reli ya kulia inchi chache juu ya uso wake, akiwa na hasira tu na wala si hofu, aliposikia springi za kiti cha abiria zikilia taratibu kama zinavyolia mtu anapojiweka sawa, akaliona bati likishuka kidogo kuelekea kwake na tairi likivimba ubavuni, na harufu ya jaketi lililolowa na ugoro wa mnanaa ikateremka juu yake ikaushinda moshi wa chuma, kisha pete ikagonga kioo, mara tatu, bila haraka, kama ilivyogonga usiku ule wa lori, na kichomeo kikamteleza, cheche zikamwagika ndani ya glovu.

Alikimbilia jikoni. Mama yake alikuwa na kipawa kinachojulikana bonde zima: hutoa moto kwenye kidonda cha kuungua kwa kukipuliza na kunong'ona aya aliyorithi. Aliushika mkono wa mwanawe, akapuliza mara tatu. Halafu akainua pua, akanusa.

"Unanuka ugoro wa Garland."

"Mama."

"Anataka nini?"

Verlon alitazama sakafu. "Lifti. Usiku ule aliogongwa, alinikuta kwanza kituo cha mafuta. Alikuwa amelewa tena, na mimi nilikuwa na msichana. Aligonga kioo kwa pete yake. Nikabonyeza kitasa cha mlango chini asiweze kufungua, nikaondoka. Na gari nililoendesha lilikuwa lake."

Mama aliendelea kuushika mkono ule kwa muda mrefu. Hakuuachia, na Verlon alisema baadaye kwamba hilo ndilo lililomliza.

"Ulikuwa na miaka kumi na tisa," alisema mwishowe. "Mwite Dorsey."

Dorsey alikuja, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ile kanuni yenu ya reli," Mama alimuuliza, "inasemaje?"

"Uzito uwe juu ya magurudumu, shangazi. Kama gari litakavyotembea."

"Basi mnachomeleaje kama vile hayumo?"

Wakatoka wote watatu. Verlon akafungua mlango wa abiria. "Ingia, Garland," alisema. "Nakupeleka." Gari likalala upande wa kulia. Dorsey akachomelea mpaka jioni, kisha akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukafunga.

Jumapili walipanda kilimani, Mama na Dorsey kwenye kiti cha nyuma, kiti cha abiria cha mbele hakina mtu. Penye kaburi Mama alishuka, akapapasa mpaka kwenye mlango wa abiria, akaufungua mwenyewe.

"Tumefika, mwanangu. Shuka upumzike."

Wakapalilia, wakaweka waridi, Mama akaziinamia mpaka akauona wekundu wake. Kisha wakarudi garini. Wote walijua kwamba mlango ndio utakaosema: reli zilikuwa zimeshika umbo la gari lenye mtu ndani, kwa hiyo kama Garland alikuwa ameshuka, mlango ungegoma; ukifunga, bado yumo.

Verlon akausukuma polepole.

"Umefunga?" Mama aliuliza.

"Umefunga, Mama. Laini kabisa."

Dorsey aligeuka akatazama miti. Mama alisimama akisikiliza, mkono juu ya paa jeusi.

"Basi asifungiwe nje tena," aliamua. "Kiti ni chake. Na kile kitasa kitoke."

Verlon ndiye aliyekitoa. Aliufungua mlango, akakizungusha kile kibonyezo kidogo cha plastiki cha kitasa kwa vidole vyake viwili, vile vilivyoungua, kikatoka, akaenda kukiweka kati ya waridi. Kisha akaingia upande wake, akasubiri kidogo kabla ya kuwasha.